Moto wa Nyumba ya Chai, Nchelenge

Nyinyi mnaofanya kazi leo katika hoteli za Nchelenge na Kashikishi, mnaobeba sinia na kuosha vikombe, mmeniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi kumimina chai bila tone hata moja kuanguka kwenye kisahani. Nilijifunza kwa kumwaga. Niliimwagia meza, nikaimwagia sakafu, na siku moja nikaimwagia suruali nyeupe ya karani wa boma, ambaye kwa bahati njema alikuwa na haya na hakusema kitu mpaka alipofika nje.

Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Kiswahili ni cha mama yangu, mtu wa Pweto, na ndicho tulichotumia na wachuuzi wa samaki waliotoka ng'ambo ya ziwa. Mengine tuliyasema kwa Kibemba. Yote nayaandika kwa lugha hii moja, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Nianze na harufu, kwa sababu hilo hamjui bado. Wateja wetu katika nyumba ya chai walikuwa watu wa samaki. Walikuja na magamba kwenye mikono, kwenye nywele, hata kwenye kola ya shati. Chai inashika harufu haraka kuliko nguo. Ndiyo maana mlangoni palikuwa na beseni, sabuni na kipande cha limau, na hakuna aliyeketi bila kunawa, awe tajiri wa malori au mpiga kasia. Meza tulizisugua kwa majivu. Vitambaa vya meza tulivianika nyuma ya nyumba, upande wa barabara. Wiki yangu ya kwanza niliviona vimelowa, nikaona upepo mzuri unatoka ziwani, nikavitandaza ufukweni karibu na vichanja vya samaki. Kwa siku sita wateja walikunywa chai wakitazamana. Siku ya saba mmoja akauliza kama tumeanza kuweka mchuzi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, kongwe kuliko nyumba yoyote pale ufukweni. Wazungu wa kampuni fulani waliijenga zamani za meno ya ndovu na mpira. Bibi yangu alikuwa msichana, alibeba udongo wake kichwani. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba nikinyoosha mkono dirishani, vidole havikufika nje. Palikuwa na baraza yenye matao matano, na ukutani palibaki matundu membamba ya kutolea bunduki, ambamo sisi tulihifadhi vijiko. Baadaye ikawa ofisi ya boma, baadaye ikawa ya popo. Kisha mwajiri wangu Ba Musonda, Ba ni heshima ya Kibemba, akaikodi kutoka boma, akafukuza popo, akapaka chokaa, akaweka meza nane na redio ya buluu yenye umbo la sufuria. Miaka ile ya hamsini, mtu mweusi kuketi kwenye kiti chenye mgongo, juu ya kitambaa cheupe, akamiminiwa chai kutoka birika lenye kifuniko, halikuwa jambo dogo. Wengine walivaa viatu kwa ajili yetu tu. Waliviweka mfukoni mpaka kwenye ngazi.

Ba Musonda alikuwa amewapikia wazungu wa boma kwa miaka mingi. Alikuwa mrefu, mkimya, na aliyajua maji kwa kuyasikiliza. Alinifunza hivi: maji yakianza kunong'ona, pasha birika kwa maji ya moto na uyamwage. Yakianza kunguruma, weka majani. Yakinyamaza ghafla kabla ya kupanda juu, usiondoke kuongea na mtu. Maji ya ziwa yalale kwanza kwenye mtungi, tope lizame. Maziwa ya kopo yaingie kikombeni mwisho. Vitumbua vitoke kwenye mafuta mteja akiwa ameshaketi, si kabla. Haya yote bado ni kweli, hata kwenye jiko lenu la umeme.

Lakini siyo chai iliyotuletea watu. Ni moto.

Vijana wengine mtacheka. Kwetu wakati ule, moto wa jikoni haukuguswa na kila mtu. Waliolala pamoja bila kujisafisha kwa maji ya chungu chao cha ndoa, mwanamke aliye katika siku zake, mjane ambaye mauti ya mumewe bado hayajaondolewa mwilini mwake: hao wakiwasha moto, chakula chake kilihesabiwa kuwa hatari. Mtu mzima angeweza kupona. Mtoto mchanga angekohoa na kukonda. Kwa hiyo mtu aliyefika mahali pageni kula, hakuuliza bei. Aliuliza, "Moto ya nani?"

Ba Musonda alikuwa mjane mwanamume, amekwisha kusafishwa miaka mingi nyuma, na kila mtu alijua analala peke yake. Moto wake ulikuwa safi kuliko wowote toka Kabuta hadi Kashikishi. Kila asubuhi aliwasha mwenyewe. Wachuuzi walimtania kwamba asioe kamwe, maana siku atakayooa wao watarudi kunywa maji. Naye alijibu kwamba wanawake wote wa Nchelenge wameshamkataa kwa faida yao. Muzungu mmoja alifungua kantini karibu na gati, vikombe vipya, biskuti kwenye makopo. Mpishi wake alikuwa kijana mwenye sifa za usiku. Watu walisimama mlangoni, wakauliza lile swali, wakaendelea na safari. Kantini ilifungwa kabla ya mvua. Muzungu yule alikuja kuonja chai yetu apate kujua siri yake, akasema haizidi ya kwake. Alisema kweli.

Mlangoni nako kulikuwa na elimu. Siku moja mwanamume kijana kutoka kisiwa cha Chisenga alikuwa anakunywa chai yake vizuri, nami nikamwingiza mama mmoja mnene, nikamweka meza ya mbele yake, uso kwa uso. Nilikuwa nafikiria vitumbua. Yule kijana aliinua macho, akamwona mama mkwe wake, ambaye alikuwa bado hajaruhusiwa kula mbele yake. Alivuta kitambaa cha meza na kujifunika kichwa, pamoja na kikombe. Mama naye akageuka akakaa akitazama ukuta. Wakabaki hivyo, mmoja hema, mwingine mgongo, na chumba kizima kinatazama sakafu ili kisicheke. Ba Musonda alikuja na mkeka, akausimamisha katikati, akamtoa kijana kwa mlango wa jikoni. Kisha akaniambia nikisimama mlangoni nisiangalie nani anaingia tu, niangalie na nani yumo ndani. Mkeka ule ulibaki pale miaka yote. Mkiona leo hoteli ya zamani ina pazia katikati bila sababu, pengine sababu ni hiyo.

Sasa niseme lile ambalo sijalisema.

Mume wangu aliitwa Bwalya. Alikuwa mvuvi. Alikuwa na tabia ya kuja kwenye dirisha la jikoni asubuhi akitoka ziwani, mikono imelowa, akanywa chai amesimama, kwa sababu alisema akiketi atalala. Alikwenda Chisenga na wenzake wawili, wao wakarudi. Yeye alionekana siku ya tatu kwenye matete ya Kabuta. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Nilikaa matanga kwa mama yake, Kabuta, pamoja na binti yetu Chola. Yalipokwisha, wajomba wa Bwalya walisema Mwila, mdogo wake, anirithi, ili mauti yaondoke kwangu. Mwila hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili na kicheko kizuri. Nilikataa tu. Niliomba nifungwe ushanga mweupe mkononi, kama wajane wengine walivyofanyiwa, iishe. Wajomba wakasema ushanga ni wa mjane asiye na wa kumrithi, na mimi ninaye. Mama mkwe wangu, Bana Bwalya, yaani mama yake Bwalya, alikuwepo na hakuwapinga. Alitazama mikono yake. Nikarudi Nchelenge na mauti yangu.

Ba Musonda alinipokea. Masharti yalikuwa wazi: kumimina, ndiyo, moto, hapana. Nisiguse ukuni, nisisukume kaa hata kwa mguu. Alimweleza kila mteja aliyeuliza, nao waliridhika. Kwa karibu mwaka mzima nilipita kando ya moto ule kama mtu anayepita kando ya mbwa wa mwingine. Ndiyo kazi iliyomlisha Chola. Kama ningeipoteza, nilikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga, nao ulikuwa wa Mwila.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mvua. Ba Musonda alikuwa amelala kwake na homa, ameagiza tufunge. Nilikuja kuziba matundu ya ukutani tu, mvua isiingie. Boti kutoka Pweto iliingia gatini ikiwa imepigwa na mawimbi tangu kabla ya mapambazuko. Walipanda ngazi zetu watu kama kumi na wawili, wakitetemeka. Mbele alikuwa Papa Ilunga, mchuuzi mkubwa wa samaki, mteja wetu wa siku zote, amemshika mkono binti yake, na binti amebeba mtoto wa kiume wa miezi michache. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Jiko lilikuwa baridi. Nilichukua kiberiti, nikawasha.

Ningeweza kumpa Papa Ilunga kiberiti awashe yeye. Ningeweza kumpa binti. Mara nyingi nimejiambia kwamba sikufikiri. Lakini nimeahidi kusema kweli, na kweli ni kwamba sijui kama sikufikiri au sikutaka kufikiri. Mikono yangu ilikuwa imeukosa moto mwaka mzima.

Siku hiyo hakuna aliyeuliza. Walikunywa mabirika sita. Binti wa Papa Ilunga alimpa mtoto chai ya maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, na mtoto akaanza kulia, na watu wazima wakacheka kwa furaha kusikia kilio. Mvua ilipokatika walikwenda zao Kashikishi. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa kitandani. Mnaweza kudhani sikuamini mambo ya moto. Niliamini. Kila nilipofumba macho nilimwona yule mtoto akikohoa.

Ba Musonda aliporudi kazini nilimweleza. Aliniacha nimalize, akauliza kama kuna mtu aliyeuliza. Nikasema hakuna. Basi, akasema, na akaendelea kukanda unga. Nikanyamaza siku mbili, na siku mbili hizo pia ni kosa langu.

Jumamosi chumba kilijaa. Papa Ilunga alikuwa amerudi kutoka Kashikishi, peke yake, anangoja boti. Binti na mtoto walikuwa wametangulia Pweto. Alikuwa mchangamfu, anasimulia kila meza habari za mawimbi, akamwita Ba Musonda kutoka jikoni amshukuru mbele ya watu.

"Na ule moto ya siku ya mvua, muzee," akasema. "Uliokoa mutoto wetu. Lakini walisema ulikuwa na homa. Ulikuwa moto ya nani?"

Ba Musonda alijifuta mikono taratibu.

"Yangu," akasema. "Niliacha makaa."

Nilikuwa nimeshika birika. Hakuwahi kusema uongo mbele yangu, mtu yule, na aliusema vibaya, macho chini. Niliweka birika mezani.

"Ilikuwa yangu, Papa Ilunga," nikasema. "Mi ndiyo niliwasha."

Redio iliendelea kuimba mpaka mtu akaizima. Papa Ilunga alisimama. Hakunitukana. Alisema tu, "Mutoto alikunywa," kama mtu anayesoma barua, akatoka kwenda gatini, ingawa boti ilikuwa haijafika. Wengine wakaweka vikombe chini, mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alitema mate nje ya baraza. Kabla ya saa sita meza zote nane zilikuwa tupu, na vitumbua vimepoa kwenye sahani.

Ba Musonda hakunifukuza. Alinambia jambo moja, na lilikuwa gumu kuliko kufukuzwa: kwamba amesema uongo kwa ajili yangu, nami nimemfanya mwongo mbele ya watu. Nikamwomba radhi. Nilimwambia pia kwamba ningefanya tena. Akasema anajua, na ndilo linalomuudhi.

Hakuja mtu. Tulisugua meza ambazo hazikuchafuka. Boma ilikwisha kuuliza kama nyumba inaweza kuwa ghala la chumvi, na Ba Musonda akaanza kuhesabu vikombe, vipi vya kuuza. Katikati ya wiki Mwila alikuja, amevaa kofia, akaketi barazani. Alizungumza kwa upole. Alisema dawa ni rahisi na mimi naijua, na nyumba ya chai itafunguka siku hiyo hiyo. Chola atakula. Mzee hatauza vikombe. Yote yalikuwa kweli. Nilitazama matao ya baraza, nikafikiria kumkubali, na ninawaambia wazi kwamba nilifika karibu. Kisha nikamwambia hapana, na kwamba kama nyumba itakufa, nitakwenda kuuza samaki Kawambwa kwa baiskeli. Akasema mwanamke haendeshi baiskeli yenye gunia la samaki. Nikasema nitajifunza kama nilivyojifunza kumimina.

Siku ya soko, asubuhi, Bana Bwalya alifika. Alikuwa ametembea kutoka Kabuta na fimbo, miguu imejaa vumbi. Hatukuwa tumesemezana tangu matanga. Watu walimwona, wakamfuata polepole mpaka kwenye ngazi, maana walidhani amekuja kunipiga. Nami nilidhani hivyo. Nilipiga magoti kumwamkia. Alipita, akanawa kwenye beseni, kwa limau pia, akaketi meza ya katikati.

"Moto ya nani?" akauliza.

Ba Musonda akajibu kutoka jikoni kwamba ni wake, leo ni wake kabisa.

"Zima," akasema.

Ba Musonda alimtazama, akaona si mzaha. Akaumwagia moto maji. Moshi ulijaa chumba kizima, tukakohoa sote, na watu wa kwenye ngazi wakarudi nyuma. Bana Bwalya alingoja moshi utoke.

"Bana Chola," akaniita, "washa weye."

Nikamwita mama kwa Kibemba, "Bamayo, bado niko na mauti. Hamjaniondolea."

"Najua iko wapi. Ule mutu alikuwa wa tumbo yangu. Ukoo wake ni ukoo yangu, na mauti yake ni ya kwetu, haiko ya wajomba peke yao. Kama imeingia mu moto, nitaionja mi wa kwanza. Washa."

Nikawasha. Kiberiti cha kwanza kikazimika, na cha pili. Mtu mmoja kwenye ngazi akasema hata moto unamkataa. Bana Bwalya, bila kugeuka, akamwambia kwamba kuni zimelowa na yeye ni mjinga. Cha tatu kilishika. Nilisikiliza maji. Sikuondoka kuongea na mtu. Nilipomimina, tone halikuanguka.

Alikunywa kikombe cha kwanza chote, akasema sukari haitoshi. Akanywa cha pili. Mwila alikuwa amefika barazani, amesimama na kofia mkononi, na mama yake akamwona. Alimwambia kwamba ana wake wawili nao wanamtosha, aingie anywe chai au aende nyumbani. Mwila aliiweka kofia chini. Kisha akanawa, akaingia, akaketi. Nilimwekea kikombe. Hakunitazama, lakini alikunywa. Nimemheshimu kwa hilo hadi kifo chake.

Msidhani watu walimiminika siku ile. Waliingia wanne. Wengine hawakurudi kamwe, na siwalaumu. Walikuwa na watoto. Bana Bwalya alikaa pale mpaka jioni, akarudi siku ya soko iliyofuata, na iliyofuata, meza ile ile, anakunywa na kulalamika kuhusu sukari ili watu wote wasikie kwamba yu hai. Hatukuzungumza juu ya Bwalya. Mara moja tu aliuliza kama kweli alikuwa anakunywa chai amesimama dirishani. Nikasema ndiyo. Akauliza dirisha lipi, nikamwonyesha. Alilitazama, akaomba kitumbua kingine.

Papa Ilunga alikuja mwezi uliofuata. Nilimwona akishuka kwenye boti, nikaweka birika chini. Nyuma yake alikuwa binti yake, na mgongoni mwa binti yule mtoto, mashavu yamejaa, ametoa meno mawili. Papa Ilunga alikuwa na aibu, akaificha kwa kelele. Alimweka mtoto juu ya meza yangu nyeupe, na mtoto akauma kijiko asikiachie. Binti akaniambia kwamba alikohoa siku mbili, kama watoto wote wa kwenye boti, akaacha. Nikaingia jikoni, nikafunika uso kwa aproni. Ba Musonda akawaambia wateja kwamba ni vitunguu. Tulikuwa hatupiki vitunguu.

Nilifanya kazi katika nyumba ile miaka mingi baadaye, na mengine ya kazi nitawaeleza mkija kwangu, nikiwaona mnavyoshika birika. Kwa leo nataka mjue hili. Atakayekuuliza mezani kwako kitu unachokijua, mjibu, hata kama kikombe kitawekwa chini. Mimi sikuwa jasiri. Nilikuwa na binti wa kulisha, na sikujua njia nyingine ya kusimama mbele ya watu waliokunywa nilichomimina.

Kesho yake baada ya Papa Ilunga kuondoka, nilifika kazini kabla ya Ba Musonda. Jiko lilikuwa baridi. Niliwasha moto, nikateleka maji. Alipofika alisimama mlangoni akiutazama, kofia bado kichwani. Akauliza kama maji yamenong'ona. Nikasema yananguruma. Akavua kofia, akanawa mikono, akaanza kukata mkate.